Nyumba Iliyoipa Barabara Mgongo

Shangazi,

Shikamoo. Najua siku hizi huitikii, kwa hiyo nimejiitikia marahaba mwenyewe, kwa sauti yako ile ya kukohoa kwanza, halafu ndipo nikaketi kuandika. Barua hii naiacha wazi, asomaye asome, kwa sababu mpaka leo watu wa kijijini kwetu Kilema wanauliza nyumba ya baba yangu iliinunia barabara kwa kosa gani. Wewe unajua, na sasa wajue na wao.

Nianzie Rau, nyumbani kwako pembeni mwa mji wa Moshi, maana kwako nilianzia huko. Baba alinileta nikae nawe nisome sekondari mjini, akakwambia, "Dada, huyu ni wako, mnyooshe." Ulikuwa mwalimu wa historia, na kwa bahati mbaya yangu ulikuwa mwalimu hata Jumamosi. Tukienda sokoni unasimama mbele ya stesheni ya reli, unaweka kikapu chini, unaanza kufundisha. Wapita njia wanatuangalia, mimi natamani ardhi inimeze.

"Mji huu ni mtoto wa treni," ulisema. "Na treni ni mtoto wa mashine ya mvuke."

Ukanieleza jinsi Mapinduzi ya Viwanda yalivyowang'oa wakulima wa Uingereza mashambani na kuwarundika Manchester, wakajengewa vyumba vya mstari, mgongo kwa mgongo, na moshi wa viwanda ukawaziba jua mchana kweupe. Nikasema, "Kama makambi ya wafanyakazi kule chini kwenye mashamba ya miwa?" Ulinitazama kama nimekuletea ng'ombe. Siku ile ulininunulia hindi la kuchoma, na wewe si mtu wa kununua ovyo njiani.

Mbele kidogo kulikuwa na maduka ya zamani ya Wahindi, yenye nguzo za duara na mwaka wa kujengwa umeandikwa juu kipajini. Hapo ndipo ulipenda kunirudisha nyuma, kabla ya mvuke, kwenye zama walizoziita za mwangaza. Watu waliamua kwamba akili ndiyo taa, ukasema, wakachukua rula na bikari wakaanza kuinyoosha miji. Vichochoro vikawa barabara, viwanja vikafunguliwa hewa ipite, na mahakama na maktaba zikavishwa nguzo za Wagiriki wa kale, ili mwananchi akiingia ajione na yeye ni mtu.

"Ona," ukaniambia, umeshika nguzo ya duka la vitambaa, "Mgiriki kafika Moshi kwa kupitia Bombay!"

Mwenye duka alicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa najali watu watasema nini.

Lakini kuliko nguzo zote, wewe ulipenda mabomba ya maji taka ya London. Na hadithi hiyo uliisimulia tukiwa mezani, mtori wa ndizi unafuka. Ukaeleza jinsi watu walivyokunywa mto walioujaza uchafu wao, kipindupindu kikawapukutisha, mpaka mafundi wakachimba mahandaki ya matofali chini ya mji mzima. "Waliojenga juu wanasifiwa na kila mtu," ulisema. "Mimi nawasifu waliochimba chini." Hamu ya mtori iliniisha. Baadaye, katika maisha yangu yote, sijaingia katika jengo lolote bila kujiuliza maji yake yanakwenda wapi.

Kisha ikaja ruksa, serikali ikafungulia watu biashara. Maduka yaliyozoea rafu tupu yakajaa saruji, mabati na vioo. Baba, ambaye alikuwa ameshahamia Dar kuuza mitumba, akawa mtu wa kuitwa "mzee" kabla ya mvi. Na Mchagga akipata, unajua mwenyewe, haoni usingizi mpaka apate nyumba nyumbani. Kila Krismasi tulikuta ghorofa jipya mlimani, limefungwa makufuli mwaka mzima likisubiri wenyewe waje kula mbuzi. Na yote yalitazama barabara, nguzo mbele, kama watu waliojipanga kupigwa picha.

Baba naye akaja na ramani yake. Alikuwa kitinda mimba, kwa hiyo kihamba cha Babu, shamba la ukoo lenye migomba na kahawa na makaburi ya wazee, kilikuwa chake kwa mila. Nyumba ya Bibi nayo ilikuwa imesimama palepale pa kuonekana barabarani, ya udongo na bati, jiko la mafiga katikati na ng'ombe upande wa pili wa ukuta. Baba akatangaza mbele ya ukoo kwamba akina mama wakishamaliza kupika Krismasi, anaibomoa. Bibi atapata chumba ghorofani, chenye dirisha la kioo.

Wote wakapiga makofi. Bibi akakunja kanga yake, akasema polepole, "Kwa hiyo nitapanda juu kulala, kama kuku."

Watu wakacheka, wakadhani ni utani. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye na niliona kwamba yeye hacheki.

Wewe uliona pia. Mwanamke hasemi katika mambo ya kihamba, hasa mwanamke asiye na mume na ambaye kwa mila hana hata mgomba mmoja pale. Ulisimama. Mzee mmoja akaguna. Ukamwambia kwa adabu, "Mzee, sikuja kuomba ardhi. Nimekuja kumsomesha mdogo wangu historia."

Ukamgeukia baba. "Aloisi, ramani yako ni nzuri, sikufichi. Vyoo ndani, madirisha makubwa, hewa inapita. Mambo haya watu waliyahangaikia miaka mingi. Paris walibomoa mitaa ya giza wakafungua barabara pana, mpaka leo dunia inakwenda kuzitazama. Lakini waliokuwa wanaishi pale waliambiwa tu watoke. Humu umechora hata mahali pa gari. Mafiga ya mama nimeyatafuta, sijayaona."

"Atapikiwa," alisema baba.

"Ulimuuliza kama anataka kupikiwa?"

Baba alikunja ramani yake akatoka nje bila kuaga. Shangazi, nilikuogopea. Nilidhani umeachana na ndugu yako, na kwamba Bibi atabomolewa nyumba hivyohivyo, na kwa hasira zaidi. Mkakaa jikoni wewe na Bibi, mnamenya ndizi.

Asubuhi baba alikuja mlangoni na vigingi vya mti na kamba. "Haya, mwalimu," alisema, bado amenuna. "Ikae wapi hiyo nyumba yangu?"

Mlizunguka kihamba kizima, mimi nikishika ncha ya kamba. Juu kulikuwa na makaburi. Pembeni ulipita mfongo, mfereji wetu wa maji, na hapo ulikataa katakata shimo la choo liusogelee, kwani walio chini yetu wanakunywa humo. Ikabaki sehemu moja tu, upande wa chini wa nyumba ya Bibi, na mteremko wake uliilazimisha nyumba kutazama migombani. Baba alisimama pale akashika kiuno.

"Dada, wapitao watauona mgongo."

"Wapitao hawatalala humo."

Alicheka, alitaka asitake. Akavipigilia vigingi mwenyewe. Ndiyo maana, watu wa Kilema, nguzo nne za Aloisi zinatazama ndizi.

Bibi aliishi katika nyumba yake miaka mingine mingi, na alifia humo, karibu na moto wake, akiwa amekushika mkono. Nilikuheshimu tangu zamani kwa yale uliyoyajua. Siku ile ya kamba nilianza kukupenda, na nasikitika kwamba sikukwambia kwa maneno. Nakwambia sasa. Uliipenda miji ya watu wa mbali bila kuiabudu, na ukaleta nyumbani kilicho bora humo, ukakiacha hukohuko kilichowaumiza watu.

Sasa nikupe habari uliyoikosa. Tulipokuzika baba alikuwa bado mzima. Miezi michache baadaye akapata kiharusi, mguu wa kushoto ukakataa, na ngazi zake za marumaru zikamshinda. Tulitaka kumhamishia sebuleni, akakataa kulala mahali pa wageni. Jumapili iliyopita alituambia tumbebee godoro mpaka nyumba ya Bibi. Tukafagia, tukawasha moto. Aliyatazama mafiga, ng'ombe akihema nyuma ya ukuta, kisha akaanza kulia, huyu baba yangu ambaye hata kwenye msiba wako alijikaza.

"Nilidhani dada anamtetea mama," alisema. "Kumbe na mimi alinitetea."

Lala salama, mwalimu wangu.

Binti wa mdogo wako