Utazoea, Jouko

Tellervo, usinipigie, soma tu. Nimekasirika mno.

Si unajua mume wangu alifuta kila kitu kwenye kompyuta yangu akaniwekea programu endeshi ya Linux, eti ni ya bure? Bila kuniuliza!

Leo mama katimiza miaka themanini. Mashangazi wote wamekaa wanangoja niwarushie picha zake ukutani kutoka kwenye kompyuta. Ukuta mweusi tii! Unadai neno la siri. Naandika, hakuna herufi hata moja. Naandika tena, hakuna!

Jouko, mdomo umejaa keki: “Herufi hazionekani, mke wangu, ndiyo usalama wenyewe. Utazoea.”

Utazoea! Mbele ya mama yangu! Shangazi Impi alicheka mpaka meno ya bandia yakamponyoka.

Mama hakuona picha hata moja. Kasinzia kitini.

Sasa sikia. Kahawa yote ya nyumba hii nimempa Impi, kaondoka nayo. Kwenye mkebe nimejaza majani makavu niliyochuma nyuma ya sauna.

Jouko katoka kuoga mvuke sauna sasa hivi, kapiga funda moja, macho yamemtoka. “Kaisu, kahawa yangu iko wapi?”

“Nimeifuta, mpenzi. Hii ni ya bure.”

Kashika kikombe, anangoja nicheke. Atangoja sana.

Kesho asubuhi ni majani hayohayo. Atazoea.