Tangazo Lililolala Ndani

Jumanne, 14 Januari

Soksi jozi mbili, chupa ya chai, miwani. Saa tatu na nusu niko nje. Neema mwanangu amelala, katoka zamu ya usiku hospitali. Wajukuu wako shule. Nyumba kimya tangu saa mbili.

Kituoni Mama Gulshan kanitangulia kama kawaida, kakaa kwenye benchi na mkoba wake wa kuogelea mapajani. Magoti yake yanataka maji ya uvuguvugu, ndivyo alivyoambiwa, na bwawa la jumuiya liko vituo tisa kutoka hapa. Mimi nashuka cha sita, maktaba. Jumanne na Alhamisi tunapanda pamoja. Siku nyingine naenda peke yangu, au siendi.

Kazaliwa Mwanza, baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Aliondoka msichana, na Kiswahili chake kimebaki vilevile alivyoondoka nacho, kizuri, cha watu wa zamani. Ananiita Bwana Mtendaji tangu nilipomwambia kwamba nilikuwa afisa mtendaji wa kata kule Morogoro, miaka ishirini na mitatu. Leo kaniuliza kama kata ya hapa ugenini nimeshaikagua. Nikamwambia haikaguliki. Watu zaidi ya laki, diwani mmoja. Hakuna mtendaji, hakuna mwenyekiti wa mtaa, hakuna balozi wa nyumba kumi. Kati ya mlango wangu na diwani hakuna mtu. Akasema labda ndiyo maana barabara zao ni nzuri. Nilicheka mpaka basi likafika.

Ndani ya basi, robo saa ya Kiswahili. Nyumbani wajukuu wananielewa na kunijibu Kiingereza. Neema ananijibu huku anatafuta funguo za gari.

Alhamisi, 16 Januari

Mama Gulshan hakuja, leo ilikuwa siku yake ya daktari wa macho.

Kuna tangazo kwenye nguzo ya kituo. Karatasi ndani ya nailoni, imefungwa kwa vikamba vya plastiki. Nimelisoma mara tatu. Kituo chetu kitaondolewa. Kiko karibu mno na kinachofuata, mabasi yanachelewa. Mwenye maoni ayapeleke kabla ya mwezi huu kwisha. Chini kuna anwani ya ofisi ya diwani.

Sikupanda basi. Nilitembea hadi kituo kinachofuata nikihesabu. Hatua mia tano na sitini, za kupanda, halafu daraja juu ya barabara kuu ambako upepo hauna adabu. Nilifika nahema. Mama Gulshan na magoti yake hafiki. Mwanawe aliyeko Markham, mji wa pembeni, anamtaka ahamie kwake, mwaka wa pili huu, na jibu lake ni lilelile: basi liko mlangoni kwangu, nihame kwa nini.

Kwa hiyo kituo kikiondoka na yeye anaondoka. Na mimi sina mtu mwingine katika mji huu wa kuongea naye. Nimeandika. Basi.

*Jioni.* Redio inasema theluji na upepo mkali. Saa kumi na moja nimetoka na mkasi, nimelishusha tangazo, nimelileta ndani. Katani kwangu nilifanya hivyo kila siku. Tangazo likilala nje, asubuhi hulikuti. Litakuwa limechukuliwa na upepo, au limeliwa na mbuzi, au limefungiwa karanga sokoni. Jioni nabandua, asubuhi nabandika. Mkuu wa wilaya mmoja aliwahi kunisifu mbele ya mkutano kwa jambo hilo.

Kesho saa mbili litakuwa mahali pake.

Ijumaa, 17 Januari

Nimeanguka. Ngazi ya mbele, barafu chini ya theluji. Kifundo cha mguu kimeumuka kama andazi. Neema kanifunga bandeji, kisha akauliza, "Baba, kila siku unatoka unakwenda wapi?" Nikasema maktaba. Kasema wiki nzima nisitoke. Kwa sauti ya nesi, si ya mtoto.

Jumatatu, 20 Januari

Sina la kuandika. Dirisha. Jirani wa mbele anasukuma theluji kwa mashine. Nampungia, ananipungia. Mwaka na nusu tunapungiana, jina lake silijui.

Alhamisi, 23 Januari

Leo nimefufuka. Nimeandika barua kwa diwani.

Kiingereza cha ofisini, aya zenye namba. Yah: Pingamizi la kuondolewa kwa kituo cha basi. Mipaka ya eneo: kaskazini reli, kusini barabara kuu, mashariki korongo lenye kijito. Huduma zinazotegemea kituo: maktaba, bwawa, zahanati, shule mbili. Hali ya barabara wakati wa barafu. Wazee wanaokitumia kituo (nawajua wawili, nimeandika "baadhi"). Mwishoni nikaacha nafasi ya muhuri kwa mazoea, nikajiona mjinga, nikaanza ukurasa upya.

Nimefungua faili. Nakala ya barua juu, tangazo chini yake kama kielelezo. Nimelitoboa matundu mawili, limekaa sawasawa. Neema ataiposti akienda kazini.

Nina matumaini. Majirani nao wataandika. Watu wanapita pale kituoni kutwa, hawawezi kukosa kuliona.

Jumanne, 28 Januari

Siku ya kwanza kutoka. Natembea na fimbo. Mama Gulshan alisimama kabisa kunipokea, akanikaripia kwa kutompa habari. Nilifurahi kukaripiwa.

Nikamuuliza ameandika maoni gani.

"Maoni ya nini?"

Ya tangazo.

"Tangazo gani, Bwana Mtendaji?"

Nikageuka kumwonyesha nguzo. Nguzo tupu. Kimebaki kipande cha kikamba cha plastiki nilichokikata mwenyewe.

Siku kumi na mbili. Siku kumi na mbili tangazo la watu wote limelala chumbani kwangu, kwenye faili, na matundu mawili. Nilipoanguka nilisahau kwamba halipo. Nilipoliweka kwenye faili nililishika kwa mikono hii na bado sikukumbuka. Kichwani mwangu lilikuwa kwenye faili na lilikuwa nguzoni, yote mawili, kwa sababu kule kwetu nakala zilikuwa mbili siku zote.

Na nilifanya nini? Nilimdanganya. Nikasema nimesikia maktaba kwamba kituo kitaondolewa. Akakunja uso, akasema, "Basi mwanangu atafurahi." Basi likaja. Nikasema mguu unauma, nikarudi nyumbani. Nimelirudisha tangazo nguzoni kwa kamba ya kiatu. Zimebaki siku tatu.

Mimi mwoga. Umri huu.

Jumatano, 29 Januari

Nimepita nyumba kwa nyumba. Daftari, mistari imepigwa kwa rula: namba, jina, nyumba, sahihi.

Milango ya hapa ina macho ya kamera. Unabonyeza kengele, ukuta unakusemesha, na mwenye sauti yuko kazini mjini. Nikaujibu ukuta kwa heshima, nikaeleza kuhusu kituo. Ukaniambia hawanunui kitu. Nyumba nyingine niliona pazia linatikisika, halafu likatulia. Nyumba ishirini na sita. Sahihi sita. Saa sita kwa mguu mbovu.

Jirani wa mashine ya theluji alifungua. Anaitwa Desmond. Ana gari mbili, kituo hakimhusu, kasaini.

Nyumba namba kumi na nne alifungua bibi wa Kitamil, hajui Kiingereza wala mimi sijui Kitamil. Nikamwonyesha kwa mikono: basi, nguzo, kung'oa. Akaelewa. Akaniketisha, akanipa chai ya tangawizi, akasaini polepole kwa herufi za mviringo nzuri sana. Akanionyesha picha ya hekalu na siku kwenye kalenda: kumbe ni mzee wa tatu anayekitumia, huwa anakwenda hekaluni Jumatatu na Ijumaa. Siku zangu za kukaa ndani.

Angeliona tangazo, angemtuma mtu amwandikie. Najua angefanya hivyo.

Alhamisi, 30 Januari

Nimemwambia Mama Gulshan ukweli. Kwenye benchi, kabla sijakaa.

Aliitazama kamba ya kiatu. "Ulikuwa unalilinda?"

Nikasema ndiyo.

"Na mbuzi."

Ndiyo. Na mbuzi.

Alicheka mpaka akajipangusa macho kwa ncha ya mtandio. Lakini kwenye basi alitazama nje njia nzima. Kabla sijashuka alinyoosha mkono kuomba daftari. Akasaini wa saba, mwandiko wa shule za zamani, umelala kulia.

Ijumaa, 31 Januari

Mjukuu wangu Zuri, wa miaka tisa, kaipiga picha orodha na kuituma ofisi ya diwani. Nikapiga simu kuhakikisha imefika. Binti mwenye adabu akasema imefika, na barua pia ilifika, na kwamba kwa kituo hiki hawakupokea kingine. Akanishukuru kwa kujali mtaa wangu.

Sikula mchana.

Jumatano, 19 Februari

Majibu. Barua pepe, kwa Neema. Leo hayuko kazini. Kaketi kitandani kwangu, kanisomea taratibu. Wanashukuru. Wamezingatia. Maoni yalikuwa machache. Kituo kitaondolewa mwanzoni mwa Machi.

Ikabidi nimweleze yote, tangazo, mkasi, faili. Nilitegemea anicheke au anigombeze. Akaiweka simu kitandani. Akasema, "Baba, mimi sikujua una rafiki."

Tunaishi nyumba moja.

Alhamisi, 27 Februari

Mara ya mwisho. Mwanawe Mama Gulshan atakuja Jumamosi na gari kubwa. Nyumba imeshapata wakala wa kuiuza.

Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi tena, nilikuwa na maneno. Akanikatiza. Alisema kwamba huenda wangekiondoa tu hata kama mtaa mzima ungeandika. "Lakini ningependa kuandika," akasema. "Miaka thelathini na minne niko hapa, sijawahi kuulizwa kitu na mtu wa serikali. Siku nimeulizwa, swali uliliweka ndani."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Nilipofika maktaba sikushuka. Nilikwenda naye vituo vyote tisa, nikamsindikiza hadi mlango wa bwawa, nikamsubiri kwenye viti vya plastiki saa nzima huku miwani imejaa mvuke. Kurudi pia tulirudi pamoja. Tuliongea habari za samaki. Yeye anasema hakuna samaki kama sato wa kukaangwa, na mimi simbishii, nimekulia milimani.

Pale benchi aliniambia, "Nitakupigia Jumapili. Ukinijibu Kiingereza nakata."

Jumatatu, 3 Machi

Wamekuja watu wawili na gari la manjano. Dakika ishirini. Nguzo wameikata usawa wa lami, benchi wameibeba. Kamba ya kiatu waliitupa kwenye theluji, nimeiokota.

Jana hakupiga.

Jumapili, 9 Machi

Kapiga. Bafu la mwanawe lina kiti ndani. Bwawa la huko ni la kwenda kwa gari, humpeleka mkwe wake akipata nafasi, wiki hii hakupata. Magoti yamekaza. Watu wa nyumbani wanamwonea huruma kutwa na hilo analichukia kuliko magoti.

Kisha akasema: "Bwana Mtendaji, huku kuna tangazo limebandikwa kwenye nguzo. Nimelichungulia dirishani. Nililete ndani?"

Nikasema aliache. Akacheka. Nami nikacheka, lakini simu ilipokatika nililia kidogo. Neema alipita mlangoni akaniona. Akaja akakaa. Akaniuliza, kwa Kiswahili, bila kushika funguo, huyo mama ni mtu wa wapi.

Jumanne, 11 Machi

Soksi jozi moja, barafu inayeyuka. Chupa ya chai, miwani, daftari.

Nilisimama kidogo palipokuwa na nguzo. Kuna duara la chuma tu, dogo kama sahani ya kikombe. Kisha nikapanda hatua zangu mia tano na sitini. Leo zilikuwa mia tano na themanini, mguu bado haujanyooka.

Kituo cha juu kina nguzo mbili. Kwenye ya pili kuna tangazo jipya, karatasi tupu bila nailoni: maktaba inataka kupunguza saa za asubuhi. Maoni hadi mwisho wa mwezi. Kona moja ilikuwa imeachia, inapigapiga kwa upepo.

Nilikuwa na selotepu mfukoni. Nimeibana kona, nikabana na nyingine tatu. Nimelinakili lote kwenye daftari, neno kwa neno, mabasi mawili yakanipita. Kurudi nimepitia namba kumi na nne. Bibi akapika chai. Nikamchorea saa na kitabu.

Jioni theluji nyepesi imeanza tena. Nipo dirishani. Sijaenda kulichukua.