Mabwana wa Bima Walipoitikia Amina

Mama,

Shikamoo. Hutaitika, najua, lakini siwezi kuanza kutukana watu kabla sijakuamkia.

Jana tumesoma arobaini yako hapa Somanga. Unadhani nani wamekuja? Wale wa bima na wale wa ile hospitali mpya ya kulipia kule Lindi, tena gari moja! Siku zile mguu wako unaoza kwa sukari hawakujuana hata kwa salamu. Hospitali inasema nendeni bima wathibitishe, bima inasema rudini hospitali ndio wanajua. Na wewe kadi umeifunga kwenye pindo la kanga, waniambia, "Usiwagombeze mwanangu, wana kazi nyingi." Kazi gani, Mama? Ukanifia pale pale kwenye benchi lao, kichwa begani kwangu, mie nadhani umesinzia.

Basi, wakashuka na tai zao, gunia la mchele na mpiga picha. Mkubwa wa bima akahutubia eti wanashirikiana bega kwa bega kwa ajili ya wasiojiweza. Daktari wa ile hospitali anatikisa kichwa kama mjusi. Nilisonya mpaka Shangazi Somoe akanifinya.

Walitaka wapige picha waondoke. Waondoke wapi? Nani anatoka kwenye arobaini kabla ya dua? Wakavuliwa viatu, wakakalishwa mkekani, soksi zimetoboka, pilau mbele yao. Mie nikaenda kumchukua Bibi Zuhura, jirani yako. Ana sukari kama yako, kadi kama yako, na kidonda chake kimeanza kunuka. Nikamketisha mlangoni upande wa wanaume, haya nimeiweka pembeni.

Nikasema, "Shehe, hawa mabwana wanashirikiana. Mgonjwa huyu hapa, gari lao lile pale. Tuombee safari yao." Shehe hakuuliza, akainua mikono. Watu wakaitikia amina, na wao wakaitikia, pilau imejaa mdomoni! Yule wa bima akaanza habari za utaratibu. Kinamama wakamjibu kwa nyuma, "Amina ushasema, baba."

Bibi Zuhura alikaa kiti cha mbele. Mpiga picha akaachwa anasubiri basi.

Kule hospitali wa bima akaidhinisha hapo hapo dirishani, daktari akamwingiza mwenyewe wodini. Hata chai haijapoa, utaratibu wao wote ulikuwa umeshakwisha. Ndiyo kazi yenyewe hiyo, Mama. Hiyo tu. Nililia mpaka nesi akadhani mgonjwa ni mie.

Wanaojidai hawa, siwasamehe. Mchele wao nimewapa kuku.

Pumzika, mama yangu, Mungu akupanulie kaburi. Nakuahidi, Bibi Zuhura hatalikalia benchi lako. Wakimkalisha, nawafuata na kijiji kizima tuwasomee dua nyingine mlangoni kwao, na siku hiyo pilau hawaipati.

Mwanao,
Mwanaisha