Kwa Binamu Aliyenifundisha Kuteremka Mlima

Binamu yangu Mwadime,

Nakuandikia gazetini kwa sababu nawe ulinianika hadharani. Sina hasira. Hasira ilipita zamani, kilichobaki ni kumbukumbu, na kumbukumbu ndiyo kazi yangu.

Unakumbuka siku uliyonikuta kwangu Voi nikifunga kamba za viatu vipya? Daktari alikuwa ameniambia presha inapanda, nitafute mazoezi. Ulicheka mpaka ukaketi. "Dada, kwa umri huu? Utaanguka hapo barabara ya Mraru, tuje kukuokota na mkokoteni." Nilicheka pia. Wewe ni mtoto wa mjomba. Tumetaniana tangu utotoni, na katika ukoo wetu anayekasirika kwa utani wa binamu ndiye ameshindwa.

Halafu ukanifanyia wema, au mimi niliuona wema. Ulisema barabara za Voi ni tambarare, zinachosha bure, anayeanza aanzie kwenu milimani. Jumamosi, na nyingine zilizofuata, ulitoka kwako Mombasa tukakutana Mwatate, tukapanda bodaboda hadi Wusi, tukarudi chini tukikimbia. "Mlima unakubeba," uliniambia. "Wewe weka miguu tu." Na kweli ulinibeba. Tulipita kando ya mashamba ya mahindi na kabichi, watu wakitusalimia bila kuacha majembe, wewe mbele umetandaza mikono kama ndege, mimi nyuma wala sihemi. Nilifika Mwatate nikijiona mkimbiaji. Asubuhi zile zilikuwa tamu, na siandiki hapa ili kuzifuta.

Goti la kulia ndilo lililoanza. Maumivu yalikaa mbele, nyuma ya pia ya goti, kama mtu anayebonyeza kwa kidole gumba kutoka ndani. Mwanzoni niliyasikia nikishuka ngazi. Baadaye hata nikiinuka kitini. Nilipokwambia, ulisema goti huzoea, nipake mafuta ya kuchua tuteremke tena. Nikapaka, nikateremka. Ndipo siku moja, kwenye kona ya kanisa, goti likagoma kabisa. Nikawa nashuka kiubavu, mguu mmoja mmoja, nimeshikilia ua wa watu. Wewe ulikuwa nyuma yangu na simu.

Ile video uliitia kwenye grupu la familia, na muziki juu yake. Grupu la familia halina mlango. Wiki haikuisha kabla wauza nyanya wa soko la Voi hawajaniita Mama Goti.

Hayo bado yangeweza kuwa utani. Sasa nakueleza usilolijua. Nilikwenda Mata, kule Taveta karibu na mpaka, kuliandikia gazeti habari za mkutano wa wakulima kuhusu mfereji wao. Nilisimama nikamuuliza afisa aliyekuwa mbele kwa nini maji hayawafikii watu wa mwisho wa mfereji. Alinitazama, akatabasamu. "Mama Goti, keti kwanza, usije ukaumia." Ukumbi mzima ukacheka. Wakulima wenyewe wakacheka. Kicheko kilipokwisha alikuwa ameshampa mtu mwingine nafasi, na swali langu likaketi pamoja nami.

Katika kazi hii nimetishwa, nimefungiwa milango, nimenyang'anywa kamera. Sikuwahi kunyamazishwa kwa kichekesho. Nilipotoka nje mama mmoja alinifuata, akaniambia taratibu, "Sisi tulikutegemea wewe utuulizie." Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Ndipo nikaamua kupona, na presha haikuwa sababu tena. Nilikwenda kwa mtaalamu wa viungo, mwanamke mpole aliyenibonyeza paja badala ya goti, akaniuliza ninakimbilia wapi. Nikamweleza.

"Ngoja. Mnapanda kwa pikipiki, mnashuka kwa miguu?"

"Ndiyo."

"Basi kazi ngumu mnaifanya nyinyi, ile nyepesi mnamwachia mwenye pikipiki."

Alinifafanulia kwamba kwenye mteremko paja hufanya kazi ya breki kila hatua, na paja likiwa dhaifu mzigo huangukia goti. Akaniambia niache kukimbia kwa muda lakini nisilale. Niketi na kuinuka kitini polepole, nipande kidato kwa mguu mmoja, niimarishe nyonga. Kisha nianze upya kwenye tambarare, hatua fupi, nikichanganya mbio na kutembea. Goti likivimba au maumivu yakizidi, nirudi kwake. Nayaandika haya yote kwa sababu wasomaji wenye magoti mabovu hawajanikosea kitu.

Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyotaka. Sasa nakimbia kuelekea Mraru jua likishatoka, maana kabla ya hapo barabara ni ya ndovu. Nikichoka nakuwaza wewe, na miguu inapata nguvu. Chuki ikitunzwa vizuri ina pumzi ndefu.

Mata nilirudi pia. Yule afisa alianza utani wake. Nikamwambia, "Goti langu limepona, bwana. Mfereji je?" Safari hiyo walimcheka yeye, na kicheko kilipokwisha nilikuwa bado nimesimama. Akajibu, nami nikaandika.

Umebaki wewe.

Mwezi uliopita mama yako alinipigia. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kule ghorofani kwako Mombasa unashuka ngazi kinyumenyume, umeshika chuma kwa mikono yote miwili. Habari ya mtu mmoja ni tetesi, kwa hiyo nikampigia mkeo. Alithibitisha. Akaongeza kwamba hutaki ijulikane, kwa kuwa umeshatangaza kwenye grupu kwamba Krismasi utaongoza familia kukimbia kutoka Wusi hadi Mwatate. "Wifi, mwambie wewe aache," alisema. "Mimi hanisikii."

Sikukwambia. Nakwambia leo, mbele ya Voi nzima na Taveta yake.

Siku hiyo nitakuja Wusi. Nitashuka nikitembea, bila haya, jinsi nilivyofundishwa. Wewe utachagua. Ukikimbia kama ulivyotangaza, utakimbia mbele ya watu walioisoma barua hii, na kila mmoja atakuwa akitazama magoti yako. Ukikataa kukimbia, utatembea nami, polepole, hadi chini. Nitakuonyesha namna ya kukanyaga, maana naijua, na njia nzima nitakuwa nikizungumza wewe ukisikiliza. Sijui lipi litakuuma zaidi. Nimelifikiria sana kila ninapokimbia, na yote mawili yananifaa.

Mama yako ameniomba nikusamehe kabla ya sikukuu. Nimemwambia ombi lake limenifikia.

Salimia wifi na watoto, na ushike chuma vizuri.

Ni mimi,
Binti wa shangazi yako