Jangwani Kabla ya Mfungo

Jumamosi, 3 Januari

Shifti ya asubuhi tena kwenye nyumba ya wazee. Tisa wa kuogeshwa, mmoja kanirushia uji. Mvua Edmonton nzima, na London yote. Basi limechelewa, soksi zimerowa.

Nimefika nyumbani nikamkuta Haji keshafungua kompyuta. Tumekata tiketi. Watatu: mimi, mume wangu na Nasra wetu, wiki ya likizo ya shule mwezi wa pili. Moroko, halafu kusini kabisa, Hifadhi ya Taifa ya Iriki. Jangwa. Siku sita kwenda na kurudi.

Miaka ishirini na minane niko nchi hii na kila likizo yangu imeishia Unguja. Harusi, msiba, harusi, msiba. Hii ya kwanza kwenda mahali nisipomjua mtu. Nina furaha mpaka naona haya.

Jumatano, 7 Januari

Wakati wa mapumziko kazini nimesoma habari za baridi. Mchana jua, usiku unagandishwa. Kofia tatu za sufu, glavu, soksi nene. Nasra kauliza kama kuna intaneti. Hakuna. Kanuna. Haji kachora njia kwenye karatasi kwa rula. Dereva wa basi huyo, bila ya njia iliyochorwa hatoki nje.

Mama hajaambiwa. Kwetu safari haitangazwi. Husemi mpaka sanduku limefungwa, watu wana vijicho. Lakini Mama si watu. Najua. Nitamwambia.

Jumapili, 18 Januari

Nimetoa makoti nyuma ya mlango kuyafua. Chini yake ipo kalenda ya msikiti. Nimeifunua mwezi wa pili, hivi hivi tu.

Loo. Ramadhani inaingia katikati ya safari. Tarehe kumi na nane au kumi na tisa, ni mwezi utakavyoandama.

Mjinga mimi. Nimetazama kalenda ya shule, ile ya kwenye friji, nikakata tiketi kama mtu asiyefunga. Haji naye, hodari wa ramani, hakutazama kitu. Ati msafiri ameruhusiwa kula. Najua! Sikuuliza sheria. Tabu yangu ni Mama. Futari ya kwanza huliwa kwake, kila mwaka. Tangu Baba afariki, miaka sita sasa, siku hiyo ndiyo mwaka wake mzima. Nazi huanza kuzikuna siku mbili kabla. Anakaa peke yake ghorofa ya nne, vituo vitatu vya basi kutoka hapa. Nikienda, atafuturu na nani?

Jumatatu, 19 Januari

Tiketi hazibadilishwi. Nimesoma mara tatu. Sijamwambia.

Jumapili, 25 Januari

Kwa Mama. Wali wa nazi, samaki wa kupaka. Akaanza kunipangia futari: tambi za Haji, kaimati za Nasra, mimi nije mapema nimsaidie kukaanga sambusa. Nikaitikia. "Sawa, Mama," nikasema, nikajimiminia maji. Mwoga mkubwa.

Alhamisi, 29 Januari

Nasra kamwambia. Kapita kwa bibi yake akitoka shule, kaulizwa kwa Kiswahili buti mpya zile za nini, akajibu kwa Kiingereza kila kitu. Hata rangi ya mahema.

Nimempigia Mama mara nne. Hapokei.

Jumamosi, 31 Januari

Nimekwenda. Kanifungulia, kanipa chai, karudi kwenye televisheni yake. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Nikamwambia mimi nitabaki, Haji na Nasra waende. Nilikuwa nasema kweli, na nilikuwa na hasira ninaposema. Maana nataka kwenda. Nina miaka arobaini na tisa, nataka kukaa mahali nitazame mchanga tu, nisimwogeshe mtu, nisimpikie mtu. Na hilo nikamwambia. Kisha nikalia. Aibu tupu, mtu mzima.

Kazima televisheni.

"Kilichonichoma si safari," kasema. "Ni kuwa mmejihesabu watatu."

Sikufahamu. Nimekuja kufahamu kwenye basi, kituo cha pili.

Jumapili, 1 Februari

Tiketi ya nne imepatikana. Ndege ile ile, kiti mbali na sisi. Nimempigia Mama kumwambia. Kasema goti lake bovu. Kasema baridi itamuua na ngamia wananuka, na mchanga kwani Unguja hatunao? Kisha kauliza aje na sufuria gani.

Nimecheka mpaka Haji katoka bafuni na sabuni kichwani.

Ijumaa, 13 Februari

Tumevunja jungu kwa Mama. Karamu ya mwisho kabla ya mfungo, tumeifanya mapema kwa kuwa Jumapili tunaruka. Biriani, kachumbari, majirani zake wawili. Kawatangazia safari yote. Vijicho hakuvikumbuka kabisa.

Sanduku lake zito kuliko yetu matatu. Kanga nne, blanketi, bizari, tende. Nimemwambia tunakokwenda ndiko zinakotoka tende. Kasema hizo hazijui.

Jumanne, 17 Februari

Jana siku nzima ndani ya gari. Leo mchana tumeingia hifadhini. Ziwa lililokauka, ardhi bapa imepasukapasuka, hapana mti. Swala wawili, wakapotea. Halafu matuta ya mchanga na kambi yetu chini yake, mahema sita. Kimya. Sikujua kimya kinakuwa hivi. Nimekaa chini nikavua viatu.

Simu hazishiki. Nasra katulia, aliyehangaika ni Mama. Kila akigeuka simu iko juu. Kule watakuwa wametangaza nini? Kila mwaka ni hivyo hivyo: Haji hufuata msikiti wake, Mama hungoja simu ya Unguja, ukoo mmoja mifungo miwili. Leo hapana msikiti wala simu. Magharibi tumetoka sote kutazama. Mwezi hakuna. Mama kaudhika, kakataa supu. Nimehofu nimemharibia Ramadhani yake.

Jumatano, 18 Februari

Asubuhi Mama kanywa chai kwa kinyongo. Mara mbili kanambia pengine wenzake wamefunga. Mpishi wa kambi, Mmoroko mpole, kasema kwao mwezi unatazamwa leo. Haji ndiye mkalimani, kwa Kiarabu chake cha chuoni. Mama kamtazama mpishi juu mpaka chini.

Mchana sikufanya kitu. Kitu chochote. Haji kalala mchangani na kofia usoni. Alasiri Nasra kamshika bibi yake mkono wakapanda tuta dogo, hatua tatu, pumzika, hatua tatu. Wanazungumza, mmoja lugha hii, mwengine ile. Nimewafuata, Haji na mpishi nyuma yangu.

Jua limezama. Mbingu safi pande zote. Mama kauona kabla yetu sote. Mwembamba, kama ukucha uliokatwa. Kanionyesha kwa kidole na bado nilichelewa kuuona.

Tangu tuje London hajauona hata mara moja. Mawingu, majumba. Miaka ishirini na minane anaambiwa tu. Kasoma dua yake polepole. Nimelia tena, safari hii bila ya aibu.

Kisha kageuka akatutazama, sisi watatu, na mpishi, na dereva wa gari letu aliyekuja kwa mbio kutoka chini.

"Kesho tunafunga," kasema.

Miaka yote tunaulizana nani kasema. Leo hapana aliyeuliza.