Sayari Yako Inapita Alhamisi

Uwera, mpwa wangu,

Ni mimi, Marume wako, kaka wa mama yako, fundi rangi ambaye Gikondo nzima inamjua, na ukipanda mpaka Gatsata wanamjua pia, usianze kubisha. Nakuandikia hapa gereji, juu ya boneti ya gari la watu, maana nyumbani kimya kinanizidi. Shule yangu iliishia Karagwe darasa la sita, kabla hatujarudi Rwanda, kwa hiyo ukikuta neno limepinda, linyooshe mwenyewe.

Siku hizi hakuna anayenibishia. Hilo ndilo nilitaka ulijue kwanza. Juzi niliwasimulia wenzangu lile gari la harusi nililolipaka rangi katikati ya mvua, na tone hata moja halikugusa bodi. Halafu nikangoja. Wewe ungesema, "Marume, gari lilikuwa ndani ya banda." Wao wakaitikia tu, "Ndiyo mzee, iko hivyo," na Kasim fundi breki akaniongezea chai. Nikasema mvua yenyewe ilikuwa ya mawe. Wakaitikia tena. Wananionea huruma. Uwera, sijawahi kusimulia mbele ya watu nikajiona niko peke yangu namna ile.

Nakumbuka ulivyokuja hapa na viatu vyako vyeupe kunieleza kazi yako. Ulichukua taa yangu ya kukagulia bodi, ukafunga nati kwenye uzi, ukaipitisha mbele ya taa. Ukasema nyota ndiyo hiyo taa, na sayari ndiyo hiyo nati, ni ndogo, iko mbali mno, haionekani yenyewe. Kinachoonekana ni mwanga wa nyota kupungua kidogo sana sayari inapokatiza, kisha unarudi. Nikakuambia hilo hata mbuzi anajua. Ndipo ukachovya nati kwenye vanishi yangu ya bei, bila ruhusa, ukanionyesha ukingo wake. Sayari ikiwa na hewa, ulisema, hewa hiyo inaizunguka kama vanishi, na mwanga unaopenya pale ukingoni unatoka umepunguzwa rangi. Kila aina ya hewa inakula rangi zake. Mnaangalia rangi zilizopungua, mnajua kule kuna nini.

Nilikuelewa kuliko profesa wako. Kwenye rangi ni mimi. Nyeupe mbili ambazo wengine wote wanaona moja, mimi nazitenganisha nikiwa nimefumba jicho.

Kesho yake nikawatangazia abiria wote kwenye basi kwamba mpwa wangu amepata dunia nyingine, ukubwa kama hii yetu, na ina migomba. Habari zikakufikia. Ukanipigia simu ukicheka mpaka ukakohoa: "Marume, hatujui hata kama ina hewa, wewe umeshapanda migomba."

Sasa habari zenyewe. Ikiriyo chako, yale matanga, kiliisha, waombolezaji wakarudi makwao, viti vya kukodi vikachukuliwa. Ndipo Clarisse, yule mwenzako wa kazi, alipokuja Masaka, nyumbani kwa mama yako, kumletea kompyuta yako. Alikuja na majibu ya sayari, yale uliyokuwa unayangoja ukiwa kitandani hospitali. Alisema mstari wa kupima rangi za mwanga umetoka karibu umenyooka. Hawakuona rangi iliyoliwa. Labda ni jiwe tupu, labda hewa ipo ila nyembamba, na nyota yenyewe ina madoa yanayochanganya hesabu. Alikuwa analia, masikini, kana kwamba yeye ndiye aliyeipuliza hiyo hewa ikaondoka.

Mama yako hakulia. Alisema, "Kwa hiyo mwanangu alimalizia nguvu zake kwenye jiwe." Akasema kila alipokuomba ufunge kompyuta ulale, ulimjibu bado kidogo. Kila siku bado kidogo. Ile sayari ilimnyang'anya miezi ya mwisho ya kukaa na wewe, na sasa haina hata upepo.

Wote wakanigeukia. Mimi ndiye msemaji wa familia, harusi mimi, misiba mimi. Na maneno nilikuwa nayo, mawingu, mvua, ziwa kubwa kuliko Muhazi, yote yako mdomoni, ya moto. Yakakataa kutoka. Nikamwambia tu kwamba watu huniletea gari kabla ya kulinunua, nilikwaruze nione kama chini ya rangi kuna puti ya kufichia ajali. Nisipoikuta, sijafanya kazi bure, maana mtu anaondoka anajua anaendesha nini.

Akaniuliza, "Na wewe unaamini hivyo?"

Nikasema sijui, dada. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kulisikia neno hilo kutoka kwangu. Akainuka akaenda kuanua nguo kwenye kamba, na hazikuwa zimekauka.

Clarisse alituambia ile darubini kubwa iliyo huko angani itaitazama tena Alhamisi, saa tisa mchana, sayari ikikatiza. Sisi hatutaona kitu. Hata usiku nyota yake haionekani kwa macho. Mama yako akasema hataki kusikia habari zake. Nikasema mimi nitakuja hivyo hivyo. Nikapanda pikipiki ya abiria mpaka Gikondo, na dereva sikumsimulia chochote.

Zikapita siku bila simu ya mama yako. Leo asubuhi amepiga. Hakusalimia. Ameuliza, "Ulisema inapita saa ngapi?" Nikamwambia saa tisa. Akasema, "Basi siku hiyo usile huko gereji."

Nakuaga, Uwera. Alhamisi nitakuwa uani kwa mama yako, tumegeukia upande ule Clarisse aliotuonyesha. Na nakuahidi kitu ambacho hakuna mtu amewahi kukipata kwangu. Tangu ianze kukatiza mpaka imalize, sitasema neno. Mama yako akitaka kulia, alie. Akiniuliza, nitamjibu kile tu ulichonifundisha. Na wakisema tena hewa hawajaiona, nitawaambia watu wa Gikondo hivyo hivyo, bila kuongeza kitu: hawajaiona.

Marume wako