Tailizi za Kaburi la Kasekese

Kasekese, Katavi
Alhamisi jioni, baada ya sala ya jumuiya

Kwa kaka yangu Masele,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Dodoma, wewe na wifi na watoto, na lile goti lililokusumbua ulipokuwa hapa sasa limetulia. Sisi huku hatujambo kwa neema ya Mungu. Mvua zilichelewa lakini mahindi ya kwanza yameshika, na yule ng'ombe mwenye pembe iliyopinda amezaa ndama jike. Mimi presha inapanda na kushuka. Nani anaipandisha, nadhani unamjua.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu njia nyingine zote umezifunga. Simu yangu huipokei. Kwenye grupu la ukoo umeweka waandike maadmini peke yao, na maadmini ni wewe na Kashinje, basi sisi wengine tumebaki kusoma matangazo kama abiria waliokosa basi. Barua anakuletea mke wa katekista, anakuja huko kumwona binti yake aliyejifungua. Nimemwambia akupe mkononi, asimwachie mlinzi wa getini. Kaa chini uisome yote. Nakujua, wewe husoma mstari wa kwanza na wa mwisho halafu unasema umeelewa. Safari hii ukiruka katikati utakuja kulia mbele za watu.

Kaka, ulipoanzisha Umoja wa Ukoo wa Manyanda nilimshukuru Mungu mbele ya altare. Watu tunazikana bila kujuana. Ukanipa kazi ya kuwatafuta wa huku Katavi, nami niliifanya kwa moyo wote. Nilikwenda Sitalike kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye meno, nikawapata wajukuu wa baba mdogo ambao hata hawakujua kwamba tupo. Tulishikana tukalia pale pale kwenye kibanda chao cha chipsi, wateja wakatushangaa. Nikasema moyoni, hii kazi ni ya Mungu. Sikujua kwamba mwenzangu unakusanya watu ili upate wa kuwafukuza.

Nauzungumzia mkutano wa baada ya mavuno. Uliikuta familia imekuja, mashati ya ukoo yamevaliwa, yameandikwa kifuani Tutunze Asili Yetu, na lile bango lako la mti wa ukoo limefungwa kwenye ukuta wa nyumba ya baba. Capitoline alikuja kutoka Katumba na watoto wake, kabeba unga wa muhogo na jogoo. Akasimama mbele ya bango akitafuta jina lake. Alilitafuta kwa kidole, taratibu, kama mtu anayetafuta jina la mtoto wake kwenye matokeo ya mtihani. Halikuwepo.

Niruhusu nikukumbushe Capitoline ni nani, maana naona Dodoma imekusahaulisha. Ni mdogo wetu, baba mmoja. Mama yake ni Séverine, yule msichana wa Kirundi aliyekimbilia kambi ya wakimbizi ya Katumba akiwa peke yake, na baba akamwoa sisi tukiwa tumeshafiwa na mama yetu. Mimi nilikuwa sijajua hata kujifunga kanga. Séverine ndiye aliyenitoa chawa. Wewe ulipougua surua, macho yamefumba na midomo imepasuka, ni yeye aliyekutafunia viazi akakulisha kwa ulimi wake kama ndege. Ulipokwenda sekondari, nguo zako zilinuka moshi wa bani la kukaushia tumbaku, na ulinilalamikia kwamba wenzako wanakucheka. Ule moshi ulikuwa kwenye nguo kwa sababu ulikuwa kwanza kwenye mikono yake.

Sasa siku ile Capitoline alipouliza kwa adabu mbona hajioni, ulisimama ukasema kwamba umoja huu unafuata mila, na kwa mila yetu Wasukuma, mwanamke asiyetolewa ng'ombe watoto wake ni wa kwao. Ukasema baba hakutoa hata ndama kwa ajili ya Séverine, kwa hiyo Capitoline akatafute ukoo wake Burundi. Ulisema kwa sauti ile ya kikao, kama unasoma kanuni za mazishi ya kazini.

Mila hiyo naijua. Lakini ng'ombe wangepelekwa kwa nani, kaka? Baba yake Séverine aliuawa, na kaka zake, na nyumba ikachomwa. Baba yetu alisema mara nyingi mbele yangu kwamba angetoa zizi zima kama angetokea hata mjomba mmoja wa kuwapokea. Ng'ombe wakakosa mlango wa kuingilia, na wewe unamhukumu mtoto kwa hilo.

Na Kashinje, mtoto wa shangazi, ambaye wewe umempa cheo cha katibu mwenezi kwa sababu anakuitikia, akadakia. Akasema wageni waalikwa wakae upande wa barabarani. Akasema kama wana vyeti vya uraia waende navyo ofisini Mpanda, hapa tunakagua damu siyo makaratasi. Watu wakacheka na ugali mdomoni. Nilikuangalia nikingoja umkemee. Ulikuwa unafuta miwani.

Capitoline hakulia. Alimfungua yule jogoo kamba miguuni, akamwachia uwanjani, akasema kwamba huyu naye hana cheti ila ametokana na kuku wa baba, basi mpokeeni yeye. Halafu akawachukua watoto wake akaondoka. Usiku yule jogoo mlimla. Mimi sikumla. Tangu siku hiyo, sikufichi, nikisali Baba Yetu nikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea nilikuwa nanyamaza wenzangu wanaendelea.

Ukarudi mwezi wa nane na fundi kutoka mjini, na maboksi ya tailizi za kung'aa kama za benki, ukasema sasa tunamjengea baba kaburi la heshima. Ulishuka kwenye gari, ukaenda moja kwa moja mpaka kwenye lile tuta la mawe nyuma ya nyumba, karibu na migomba, ukamwonyesha fundi kwa kidole. Hukuuliza mtu. Capitoline alikuwa amekuja kunisaidia kupika, ukamtuma Kashinje akamwambie asiye mwanachama asubiri nje ya uzio. Akasimama barabarani, kajitanda kitenge, anatazama.

Tailizi zilipokauka ukavua viatu, ukapiga lile goti lako bovu, ukamwaga maji yenye unga mweupe wa mtama kama wazee walivyofanya. Mimi Mkristo nilisimama pembeni na rozari yangu. Ukasema hivi: wewe uliyetulea tukiwa yatima, wewe uliyetushibisha, tazama tumerudi, utubariki, na asiye wako usimjue. Ukalia kweli kweli, makamasi mpaka kwenye masharubu. Kashinje akakupiga picha, ukaiweka kwenye grupu.

Nakuja kwenye jambo la wiki hii. Jumanne Kashinje alileta vijana na majembe na sururu. Kwamba mgeni rasmi anakuja kuzindua kaburi, mahema yamekodiwa, wageni ni wengi, kwa hiyo mwenyekiti, ndiye wewe, ameagiza vichimbwe vyoo, na mahali pazuri ni kwenye zizi la zamani, udongo wake laini wa samadi, unachimbika. Nilikuwa napepeta maharage. Nilibeba kigoda changu nikaenda nikakaa katikati ya zizi.

Kashinje alianza kwa kucheka. Akaniuliza kama nimepata unabii. Akasema wanawake wa jumuiya tukifunga sana akili inakauka. Nilipokataa kusogea akakupigia, akaweka simu sauti kubwa, ili vijana wasikie. Nikakusikia wewe mwenyewe ukisema huyo mama kichwa chake hakiko sawa, mwondoeni, ratiba haimsubiri mtu mmoja. Hukuuliza kwa nini nimekaa pale. Ni yule kijana mkubwa wao, Mbende, mwenyeji wa hapa hapa, aliyevua kofia akasema yeye hawezi kumshika mama mtu mzima kwa nguvu, wakabeba majembe yao wakaenda. Kashinje ameapa watarudi Jumatatu.

Sasa nisikilize, kaka yangu.

Baba alipofariki ulifika tumeshamaliza kuzika, tunaanua matanga. Ulikuja na viatu vyeusi, ukalala gesti Mpanda, asubuhi ukasimama mlangoni ukalia ukasema gari linakungoja. Hukuuliza amelala wapi. Kila mtu alidhani unajua, maana kuna Msukuma gani asiyejua? Mtu wa ng'ombe huzikwa katikati ya ng'ombe wake. Babu alizikwa hivyo, na baba yake babu. Baba alitushika mkono mimi na Séverine akatuambia nisije nikawekwa kwenye migomba kama mwizi wa ndizi, niwekeni zizini. Katekista alikuja akasali. Tukamfunika ngozi ya lile dume jeusi, tukamlaza kwa ubavu wa kulia, na jioni ile ile Séverine mwenyewe akawafungulia ng'ombe waingie, wakakanyaga mpaka pakawa sawa na pengine pote. Hakuna msalaba kwa sababu hakutaka. Hapo ndipo nilipokuwa nimekaa na kigoda changu. Sauti yako kwenye simu ilisikika juu ya kichwa cha baba, ikiagiza achimbiwe choo.

Na lile tuta la mawe karibu na migomba ni la Séverine. Wewe ulidhani walimrudisha Katumba. Hukuja kwenye msiba wake, ulituma salamu. Tulimzika pale mimi na Capitoline na majirani, msalaba wake wa mti ukaliwa na mchwa.

Kwa hiyo tailizi zile zinang'aa juu ya mkimbizi wako. Yule uliyempigia goti na kumwita uliyetulea, uliyetushibisha, ni yeye, na hukusema uongo hata neno moja isipokuwa lile la mwisho. Chama chako cha kutunza asili, na mashati, na bango, kimeshindwa kujua kwamba mwenye ng'ombe hulala zizini.

Nami nina la kwangu. Ulipomwonyesha fundi kwa kidole nilikuwa nyuma yako, neno lilikuwa limefika kwenye meno. Nikamwona Capitoline kule barabarani, nikalimeza. Usije ukasema nilisahau au niliogopa. Nilinyamaza kwa chuki, Masele, na ilikuwa tamu kama asali mbichi. Nilikaa nayo mpaka juzi, nikaungama. Padre alikohoakohoa, nadhani alikuwa anajizuia kucheka, Mungu anisamehe. Halafu akaniambia malipizi yangu ni kukueleza kabla ya uzinduzi, kwa ukweli wote. Ndiyo hii barua. Jumanne ningeweza kuropoka pale pale zizini, lakini Kashinje angelitangaza kwenye grupu kabla jembe halijaanguka. Nilitaka ulisikie kwangu. Pamoja na yote, tulikula sahani moja.

Malipizi nimetimiza. Yanayofuata ni yangu, padre hakunituma. Mbele yako una njia mbili. Ukitaka, njoo na nyundo uzivunje tailizi zile kwa mkono wako, mchana, Capitoline akiwa ndani ya uzio anakutazama, halafu umweleze mgeni rasmi kwa nini. Au lile jiwe la jina linalochongwa huko Dodoma liandikwe jina la Séverine, na bango lichapwe upya likiwa na Capitoline na watoto wake wote. Ukishindwa yote mawili, siku ya uzinduzi mimi nitabeba kigoda changu nitakaa zizini, na kila mgeni atakayeuliza kwa nini nitamjibu. Kashinje aje na kipaza sauti chake, kitanisaidia.

Jana nilikwenda Katumba kumwambia Capitoline kwamba nakuandikia. Nilidhani atakutukana, nikajiandaa kumsaidia. Alikuwa anamenya muhogo, hakuinua kichwa. Akasema siku ile barabarani alitaka kupiga kelele kwamba huyo ni mama yangu, lakini alipokuona unalia aliona ni mara ya kwanza mtoto wa kiume wa mama anamlilia, akasema acha amalize. Kumbe kila Jumamosi mimi nikiwa gulioni anakuja kuzifagia tailizi zile, halafu anapitia zizini kumsalimu baba.

Amenituma nikuandikie hivi: kaka, asante kwa kumjengea mama.

Msalimie wifi, mwambie yale majani ya goti ayachemshe na chumvi. Wabusu watoto. Sisi tunakungoja, na Jumatatu wakija na majembe watanikuta nimekaa.

Ni mimi dada yako katika damu na katika ubatizo,
Hana Manyanda